LMP1 hasi, EBER chanya: kingamwili imeharibika?

Si lazima. LMP1 ni protini ya virusi vya Epstein-Barr (EBV), nayo hutafutwa kwenye tishu kwa kingamwili inayoacha rangi ya kahawia; EBER ni RNA ya virusi hivyohivyo. Kama sampuli ni ya limfoma (saratani ya seli za limfu) ya Burkitt, hayo ndiyo matokeo ya kutarajiwa. Humo virusi vya Epstein-Barr kwa kawaida hutengeneza protini ya EBNA1 tu, na LMP1 hukaa kimya. EBER, kwa kuwa ni RNA, haitegemei protini, ndiyo maana inawaka.

Weka kipande cha limfoma ya Hodgkin chenye EBV kwenye slaidi ileile kama kidhibiti. Seli zake kubwa za saratani, za Reed-Sternberg, zinapaswa kupata kahawia kwenye utando na saitoplazimu, si ndani ya kiini. Kidhibiti kikishika rangi na chako kisishike, amini jibu.

Kidhibiti nacho kikikosa rangi, anza na kufunua antijeni (kuipasha tishu moto ili kingamwili iifikie protini): vipande vya mikromita 3 hadi 4, bafa ya sitreti pH 6.0 au EDTA pH 9.0, nyuzi 95 hadi 98, dakika 20, kisha viache vipoe ndani ya bafa dakika 20 nyingine. Tishu iliyokaa kwenye formalini wiki nzima hufunuka kwa shida.

Jihadhari na kahawia ya uongo pia. Hodgkin hujaa eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu), na kimeng'enya chao cha peroksidesi huigeuza DAB (kemikali ya kutia rangi) kahawia bila kingamwili yoyote. Kizime kwa hidrojeni peroksaidi ya 3%, dakika 10. Slaidi isiyo na kingamwili ya kwanza itakuumbua mapema kama umeiruka hatua hiyo.