Mke anaimba, mume anapiga
Dada, umeuliza kama wewe na mumeo mkariri kila noti kabla ya kusimulia hadithi jukwaani, wewe ukisimulia naye akipiga ala. La. Tazameni Bassekou Kouyaté wa Mali akipiga ngoni, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, huku mkewe, Amy Sacko, akiimba. Wapiga kora (ala ya nyuzi ya kibuyu) wa Kimandinka, jamii ya Afrika Magharibi, wana kumbengo, mzunguko wa msingi unaojirudia, na birimintingo, mbwembwe za papo kwa papo zinazoingia sauti ya mwimbaji ikipumzika. Mumeo ashike mzunguko mmoja tu, akusikilize pumzi. Ukisita, ajaze, ukirudi, ashushe. (Wanandoa mna faida hapo, mnajuana hata kwa kukohoa!) Ila asipige mfululizo. Kimya nacho husimulia: bibi yangu, zimwi la hadithi yake lilipobisha hodi, alinyamaza kabisa, nasi tukajikunyata mkekani.