Kalavati ni la nani? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikavaa miwani. Kwa hiyo kalavati la njia ya shule limesombwa na mvua, watoto wanavushwa kwa kubebwa mgongoni. Mwenyekiti wa mtaa kakwambia uende kwa diwani, diwani kakwambia uende TARURA, wale wakala wa barabara za mijini na vijijini, TARURA wamekwambia habari za bajeti, na mbunge simu yake inaita tu. Mwisho ukauliza: "Mama, kwani serikali hasa ni nani? Si bora niende kwa DC, mkuu wa wilaya, moja kwa moja, ndiye mkubwa wao? Na mbona shemeji wa Mombasa anampigia kura gavana, mimi sijawahi kumpigia kura mkuu wa mkoa?"

Unajua miaka niliyokaa ofisi ya kata. Nimewapiga danadana watu wa aina yako, nami nimepigwa danadana na waliokuwa juu yangu. Swali hili ni la kwangu kabisa, ndiyo maana sikutaka kulijibu kwa simu.

Anza kwa kuliacha hilo neno "mkubwa wao". Lilikuwa likiwapoteza hata wasomi waliokuja ofisini kwetu. Ukimkuta mtu ana muhuri, usiulize ukubwa wake. Uliza nani kamweka pale, nani anaweza kumwondoa, na hizo fedha anazozitaja ziko kwenye kitabu cha nani.

Mwenyekiti wako wa mtaa mmemweka ninyi. Alichaguliwa Novemba 27, 2024, siku ambayo wewe, kama kumbukumbu zangu ni nzuri, ulikuwa umelala. Hana mshahara. Ana posho ikipatikana, ana muhuri, na ana watu wanaomgongea mlango saa sita usiku wakigombana na wapangaji. Mwenye mshahara pale ni Mtendaji wa Mtaa, mwajiriwa, ambaye ni katibu wa vikao. Watu wa mjini huwachanganya wawili hawa kwa sababu mara nyingi wanakaa chumba kimoja. Ndani ya chumba hicho hakuna fedha ya kalavati, hata ungepekua kabati lote. Kilichomo ni mkutano wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea, na muhtasari wa mkutano huo. Muhtasari usiudharau, nitaurudia.

(Kijijini mambo ni mazito kidogo. Kule kuna halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na kuna ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri hiyo haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Mtaa wa mjini hauna nguvu hiyo. Siku ukinunua kiwanja na mwenyekiti akadai asilimia kumi ya bei ili agonge muhuri, ujue hiyo asilimia kaitunga mwenyewe.)

Diwani naye ni wa kura, huchaguliwa siku moja na mbunge na Rais. Kwenye kata anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Hapo ndipo vipaumbele hupangwa: choo cha shule, zahanati, daraja. Kisha hupanda hadi halmashauri, ambako madiwani wote wanakaa kama baraza, wanapitisha bajeti, wanatunga sheria ndogo za ushuru wa soko na faini za kutupa taka, na wanamchagua meya au mwenyekiti wao. Halmashauri za Tanzania Bara ziko 184, kuanzia majiji sita mpaka wilaya za porini.

Sasa tulia hapa. Anayeyatekeleza yote hayo, msimamizi wa wafanyakazi na wa malipo, ni Mkurugenzi. Ni katibu wa baraza, anakaa pembeni ya mwenyekiti, anaandika. Lakini madiwani hawakumchagua wala hawawezi kumfukuza. Anateuliwa na Rais. Mkeka wa uteuzi ukitoka usiku, asubuhi anafunga mizigo, na baraza linapata habari mtandaoni kama wewe. Nimekaa kwenye vikao ambako madiwani walipiga meza mpaka chupa za maji zikaanguka, Mkurugenzi katulia, anajua hatima yake haiko ukumbini humo. Sisemi wote wako hivyo. Nimemwona mmoja aliyekuwa akitembelea kila mradi na diwani wa kata husika kabla ya kusaini chochote, na zahanati aliyoijenga ndiyo niliyompeleka bibi yako mwaka jana. Ila fundo lenyewe ndilo hilo: aliyechaguliwa anaamua, aliyeteuliwa anashika fungu.

Kwa hiyo kuna ngazi mbili zimeegemezwa kwenye nyumba moja. Moja inapanda kutoka kwenu: mtaa, kata, halmashauri. Nyingine inashuka kutoka Ikulu: mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, na chini yao maofisa tarafa. Zote zinakutana mezani kwa Mkurugenzi, na zote zinasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali kuu inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. DC wako yuko kwenye ngazi ya pili. Ni jicho la serikali kuu wilayani na mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama. Hukumpigia kura kwa sababu hapigiwi kura na mtu.

Watu wanamwona mkubwa kwa sababu ya msafara, na kwa sababu ya saa 48. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu yeye na mkuu wa mkoa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, pale anapoona amani iko hatarini. Haikuandikwa kwa ajili ya kumkomoa daktari aliyechelewa kikaoni, ingawa tumeyaona na hayo. Lakini kuwa na polisi si kuwa na saruji. DC anaweza kumwita meneja, akamfokea mbele ya kamera, ukafurahi sana, kisha mvua nyingine ikanyesha mmebaki vilevile.

Ukitaka kujua kwa nini tumejenga nyumba yenye ngazi mbili, muulize babu yako kuhusu 1972. Mwaka huo serikali za mitaa zilifutwa. Mwalimu Nyerere alikuwa na mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, ambao kwa maneno ulipeleka madaraka kwa wananchi, na kwa vitendo ulipeleka watumishi wa serikali kuu mikoani wakae badala ya madiwani. Babu anasema mifereji ya mjini iliziba, taka zikalala barabarani, na hukujua umlalamikie nani kwa sababu wa kumlalamikia hakuwa mtu wa pale. Mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha na za wilaya, zikaanza kazi 1984, na Katiba ikatamka kwenye Ibara ya 145 na 146 kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Lakini wakuu wa mikoa na wa wilaya hawakuondoka. Ngazi ya zamani ilirudishwa, ile nyingine ikabaki palepale.

Nami niliingia kazini nikiwa mtendaji wa kijiji katika zama za kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Tulikuwa tunatoka na mgambo alfajiri. Nimewahi kuandika kwenye daftari mbuzi wa mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa baba yangu, naye alinitazama tu, hakusema neno. Ilipofutwa mwaka 2003 nilishukuru, huku nikijua halmashauri imepoteza fedha yake yenyewe. Tangu hapo sehemu kubwa ya bajeti inatoka Hazina, mishahara ya walimu na wauguzi ikiwa ndiyo mzigo mkubwa. Halmashauri imebaki na ushuru wa mazao, leseni, ushuru wa masoko, na ule ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya biashara. Katika mapato hayo ya ndani, asilimia kumi inapaswa kukopeshwa bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wewe na wenzako wa bodaboda mna miaka inayofaa, sijui mnasubiri nini.

Na ile 1,500 unayolalamika kwamba umeme unaliwa? Si umeme. Ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza kwa 1,000 kwa mwezi, ikapanda mwaka 2023. Zamani aliikusanya mtu wa halmashauri akipita nyumba kwa nyumba, siku hizi mita ndiyo inayoikata. Kisheria ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkumbushe mwenye nyumba wako.

Sasa kalavati. Hapa diwani hakukudanganya, na ndiyo inayouma. Mpaka miaka michache iliyopita barabara za mitaa na vijiji zilikuwa za halmashauri, na mhandisi alikuwa anaketi koridoni kwa Mkurugenzi. Mwaka 2017 ikaundwa TARURA, ikazichukua. Barabara kuu na za mkoa zilishakuwa za TANROADS. Mwaka 2019 maji ya vijijini nayo yakapata RUWASA. Sikatai, wahandisi waliokuwa mmoja mmoja na gari bovu sasa wako pamoja na wana vifaa. Lakini mtu akisimama kwenye kampeni ya udiwani anaahidi barabara na maji, na vyote viwili vimeshikwa na watu wasiowajibika kwake. Meneja wa TARURA huja kwenye baraza, anasoma taarifa, anaulizwa maswali makali, anaondoka. Mwajiri wake hayuko pale.

Mbunge naye ana mlango mdogo ambao watu hawaujui. Ni mjumbe wa baraza la madiwani, na kuna Mfuko wa Jimbo uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake anaiongoza yeye. Ni fedha ndogo za kuchochea kazi ndogo, na kalavati moja la njia ya shule ndiyo kazi ndogo yenyewe.

Kuhusu shemeji wa Mombasa: kweli, wenzetu wa Kenya wana kaunti 47 tangu 2013, kwa Katiba yao ya 2010, na gavana anapigiwa kura, akiharibu wanamtoa kwa kura. Katiba imewawekea hata fungu: si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaende kaunti. Hospitali nyingi ziko chini ya kaunti. Lakini muulize nani kamchagua kamishna wa kaunti, na nani kamchagua chifu. Atakwambia wale ni wa serikali kuu. Na muulize barabara ya mbele ya nyumba yao ni ya kaunti au ya wakala wa taifa, uone atakavyokuna kichwa. Nao wana ngazi mbili, tofauti ni kwamba ile ya kura ina fungu lake mkononi. Ningependa hilo na kwetu, nalisema wazi kwa kuwa nimestaafu.

Kura yetu ya mitaa nayo ina kidonda chake. Inasimamiwa na TAMISEMI yenyewe, na mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu, vyama vikajitoa. Mimi nilikuwa kazini wakati huo. Hilo tutalizungumza ukija.

Sasa fanya hivi. Usiende kwa DC leo. Mwombe mwenyekiti aitishe mkutano wa wakazi, akisitasita mpelekee majina ya kaya zenye watoto wa shule ile. Hakikisha kalavati linaingia kwenye muhtasari, pamoja na jina la barabara na idadi ya watoto wanaovuka. Mtendaji asaini. Muhtasari huo ndio unaompa diwani kitu cha kusoma kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Bila huo ana hadithi yako tu, na hadithi kila kata inazo. Kisha andika barua kwa Meneja wa TARURA wilaya, ambatisha muhtasari na picha, nakala kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani, nakala kwa mbunge ukitaja Mfuko wa Jimbo kwa jina. Ya mwisho kabisa kwa mkuu wa wilaya, kwa taarifa. Hapo ndipo DC anapokuwa na faida: ataikuta barua ambayo wenzake wote wanajua kwamba anayo. Uwahi kabla bajeti ya mwaka mpya wa fedha haijafungwa. Inaanza Julai, lakini hupikwa miezi mingi kabla.

Usiiache barua kwa mlinzi wala kwa yule dada wa mapokezi, hata awe mchangamfu namna gani. Ulizia masijala, ofisi ya kupokea na kutunza barua. Nenda na nakala ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, ubaki nayo. Kisha ipige picha unitumie, nataka kuona kama bado wanatumia ule wino wa zambarau.

Mama yako