Kufungua bendi 20 kwenye Xiaomi Mi 5
Ndugu, umeuliza kama Mi 5 yako, iliyotoka China bila bendi 20 (masafa ya redio ya megahezi 800 yanayobeba 4G), inaweza kufunguliwa ili ishike 4G ya Safaricom kijijini. Programu ya kompyuta kama QPST hubadilisha kweli orodha ya bendi ndani ya modemu ya Qualcomm (chipu ya simu inayoshughulikia mtandao), lakini bendi huhitaji pia kichujio cha masafa yake kwenye saketi ya redio, na kisipokuwepo, simu itaorodhesha bendi 20 huku mawimbi yakiwa hafifu au hayapo kabisa. Ukijaribu (mimi nisingejisumbua), hifadhi kwanza nakala ya EFS, sehemu ya kumbukumbu yenye mipangilio ya modemu, kwani ikiharibika IMEI (namba ya utambulisho wa simu) hupotea na laini haisomi. Bendi 3, ya megahezi 1800, unayo tayari.