Kal: ni jana au kesho?

SWALI: Nimeandikiwa ujumbe wa Kihindi kwa herufi za Kirumi: "Mujhe kal jana hai." Kamusi ya Kihindi na Kiingereza inanipa "yesterday" na "tomorrow" kwa neno hilohilo kal. Nichukue lipi? Na hiyo jana ni hii yetu?

JIBU: Jana hiyo si yetu, zimefanana tu. Kwa Kihindi ni kitenzi, kwenda, na irabu zake zote mbili huvutwa: jaanaa. Mwenzako anasema kesho inambidi aende. Kwa Kiingereza, "I have to go tomorrow".

Kal ni siku inayopakana na leo, iwe mbele au nyuma. Ni siku ipi, utaambiwa na kitenzi, na kitenzi cha Kihindi kwa kawaida hukaa mwisho wa sentensi. Kwa hiyo anza kusoma kutoka mkiani. Kitenzi chenye -na kikifuatwa na hai, jambo bado linamngoja mtu: kesho. Weka tha mahali pa hai, "Mujhe kal jana tha", na safari ilikuwa iwe jana. Tha, thi na the ni za wakati uliopita (huyo the asikupotoshe, si wa Kiingereza). Viishio -unga, -ega na -enge ni vya wakati ujao: "kal jaunga", nitakwenda kesho, mwanamke atasema jaungi.

Mtego mkubwa ni "Kal milte hain". Umbo lake ni la wakati uliopo, ila maana ni tuonane kesho, "see you tomorrow". "Kal mile the" ni tulionana jana.

Ukipata "kal shaam" peke yake, jioni ya kal, bila kitenzi, usibahatishe. Rudi kwenye ujumbe uliotangulia, au uliza. Parson nayo ina tabia hiyohiyo: juzi au kesho kutwa. Hapo Kiswahili kinatosheka na maneno mafupi. Kiingereza kitakulazimisha uandike "the day before yesterday" au "the day after tomorrow".

SWALI: Nimetafuta gaya na milte kwenye kamusi, sizioni.

JIBU: Kamusi huorodhesha vitenzi kwa umbo la -na. Kata kiishio, bandika -na: milte inabaki mil, kisha milna, "to meet". Vichache ni vikaidi na havina budi kukaririwa: gaya hutoka kwa jana, kiya kwa karna (kufanya), diya kwa dena (kutoa), liya kwa lena (kuchukua).

Herufi za Kirumi pia huficha urefu wa irabu. Kal, कल, si kaal, काल, ambayo ni wakati au zama, na hata kifo. Watu wengi huziandika zote "kal". Ukiona sentensi haikai sawa, omba uandikiwe kwa Devanagari, mwandiko wa Kihindi wenyewe, uangalie kama kuna mstari wa wima baada ya herufi ya kwanza.