Tezi ya shingo, vidonge vya majira na mimba: maswali yenu ya wiki hii

"Dada nesi, natumia majira mwaka wa pili, nimepima T4 imekuja juu ila TSH iko sawa, nimeambiwa nina thairoidi. Kweli?" (Tabata)

Mdogo wangu, tulia kwanza. T4 ni homoni ya tezi ya shingo, ndo hiyo thairoidi, na TSH ni homoni inayotoka kichwani kuisukuma tezi ifanye kazi. Majira yenye estrojeni, homoni ya kike, yanafanya ini litengeneze kwa wingi ile protini inayobeba homoni ya thairoidi kwenye damu. Sasa kipimo cha T4 ya jumla kinahesabu yote, iliyobebwa na iliyo huru, lazima namba ipande. Chukulia daladala, aliyekaa kwenye siti bado hajafika kazini, anayefanya kazi ni aliyeshuka. Omba wakupime T4 huru na uwaambie unatumia majira, maana usiposema hawakuulizi.

"Mimi nilitolewa tezi, nakunywa levothairoksini, ile dawa ya kurudishia homoni ya tezi. Majira nitumie?"

Tumia, ila ile protini ikiongezeka, mwenye tezi nzima mwili wake unajiongezea homoni wenyewe, wewe huna pa kuongezea, dozi inaweza ikapelea. Rudia TSH wiki ya 6 mpaka 12 baada ya kuanza, na ukiacha pia. Sindano na kijiti havina estrojeni kwa hiyo havisumbui hivyo, kitanzi cha shaba ndo hakina homoni kabisa.

"Kipimo kimetoa mistari miwili jamani, dawa ya thairoidi niache isimdhuru mtoto?" (Mwanza)

Usiache! Hili naulizwa kila mwezi na huwa linanitia homa. Mtoto anategemea homoni yako mpaka karibu nusu ya mimba, wiki ya 18 hadi 20 hivi ndo tezi yake inaanza kujitosheleza, na mahitaji yako yanapanda kwa asilimia 25 hadi 50. Mwongozo wa Marekani wa 2017 unasema mimba ikishathibitika ongeza vidonge viwili kwa wiki, yani 9 badala ya 7, huku unamtafuta daktari wako upesi, halafu TSH kila wiki 4 mpaka katikati ya mimba. Na kile kidonge cha kuongeza damu mnachopewa kliniki msikimeze pamoja na cha thairoidi, chuma inaizuia dawa isiingie mwilini. Viachanishe kwa masaa 4. Mimi nashauri thairoidi alfajiri na maji matupu, chai isubiri nusu saa au lisaa, cha damu usiku.

"Wiki ya 10, natapika balaa, TSH iko chini."

Mara nyingi ni homoni ya mimba yenyewe, inafanana na TSH kwa hiyo inaisukuma tezi, baadaye inatulia. Ila kama una rovu, macho yametoka au moyo ulikuwa unaenda mbio hata kabla ya mimba, muone daktari wiki hii hii.

"Nimejifungua miezi 3, moyo unadunda, silali, mama mkwe anasema nimetupiwa kitu."

Mama mkwe msalimie, halafu nenda kapime TSH. Baada ya uzazi tezi inaweza kuvimba ikavujisha homoni iliyokuwa imehifadhi, ikiisha unageuka, unachoka na kusikia baridi. Wengi wanapona ndani ya mwaka, wengine tezi inabaki imelegea. Ukija kuandikiwa levothairoksini nyonyesha tu, haina shida.