Tony Hawk's Pro Skater 2 mpaka leo?

Mkuu, umeuliza gemu hii ya skateboard (ubao wa magurudumu) ya mwaka 2000 bado inachezwa ya nini. Dakika mbili tu kila mzunguko, ndiyo siri. Ukianguka unainuka papo hapo, saa haikungoji. Halafu toleo hili la pili ndilo lililoleta manual: unatua, unaendesha kwa magurudumu mawili huku ukibalansi, unaunganisha na mtindo unaofuata, pointi zinazidishwa. Ukidondoka kabla hujamaliza, mfululizo wote umekwenda na maji! Hapo nani ataweka pedi chini? Michoro imechakaa, sibishi. Ila hata walipoitengeneza upya 2020, pamoja na ile ya kwanza, dakika mbili waliziacha vilevile.