Pima masafa ya mtetemo kabla hujanunua stendi mpya ya darubini

Picha ya Zohali ikitoka na kingo zilizovurugika, wengi hulaumu stendi na kuanza kuulizia bei ya nyingine. Wewe unayetazama nyota juu ya paa la zege hapa Kampala, usitoe hela kwanza. Kila mashine hutetemeka kwa mwendo wake, na mwendo huo hupimika.

Simu inatosha. Natumia phyphox, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inayochora grafu ya mtetemo kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (hezi). Funga simu kwenye kichwa cha stendi, sogea mbali, irekodi kwa sekunde 10 au zaidi. Ukirekodi sekunde moja tu, vilele vya grafu kwenye hezi 24 na 24.5 vitaungana. Halafu kuna kikomo: simu inayopima mara 100 kwa sekunde haiaminiki kupita hezi 50. Mtetemo wa juu zaidi utajitokeza kwenye namba ya uongo.

Sasa gonga mguu wa stendi kwa kidole. Kilele kitakachochomoza, mara nyingi hezi chache tu, ni cha stendi yenyewe. Fupisha miguu, gonga tena, hezi zake zikipanda, umethibitisha. Kilele kisichosogea hata ukifupisha miguu kinatoka nje, na hapo ndipo namba zinapoanza kusema. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mota ya kinu cha mahindi inayozunguka mara 1,450 kwa dakika hutoa karibu hezi 24.2; gawanya tu kwa 60. Jenereta ya mizunguko 1,500 hutoa 25. Kwangu kilikuwa 24.2, kikitoweka kila kinu cha mtaani kiliposimama. Jenereta ya jirani ndiyo iliyonguruma zaidi, na kwa sikio tu ningemsumbua bure.

Nilijaribu vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu. Kilele cha kinu kilipungua, lakini cha stendi kilishuka kutoka hezi 8 hadi 6, na upepo wa ziwani ukaanza kuitikisa. Kwa hiyo pima upya baada ya kila badiliko, moja moja. Kilichosaidia ni kuhamisha stendi kutoka katikati ya zege, panaponesa zaidi, hadi juu ya ukuta unaolibeba. Siku hizi napiga picha kinu kikiwa kinasaga.